Jibu la Barua Namba 212

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu ulipoinamisha kichwa juu ya ukurasa pale kwenye kiwanda cha uchapaji, na wenzako wakadhani umekuta kosa. Wakakuacha robo saa nzima, kwa heshima. Ndivyo ulivyokuwa kila ukikuta kosa: unainama, unanyamaza, hutaki mtu akuguse. Daktari alituambia hata wangekuwahi isingebadilisha kitu, kwa hiyo kwa kifo chako hatumlaumu mtu. Tunakulaumu wewe, kwa mambo mengine, na leo tutayasema hapa gazetini, maana ukiwa hai hukutupa nafasi.

Wasomaji wengi walikujua kwa jina la Bahasha. Mtaa ndio uliokupa jina hilo, kwa kuwa hukuonekana nje bila bahasha moja kwapani na nyingine mkononi. Kazi yako ilikuwa kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kukamata makosa ya wengine. Miaka ishirini na tisa ulikaa kwenye meza ile ile karibu na mlango wa mashine, na vitabu vya shule, vitabu vya sala, kalenda na kadi za harusi vikapita chini ya kalamu yako nyekundu. Kwa wachapaji ulikuwa mpole. Ukikuta kosa kubwa ulimfuata mhusika mwenyewe ukamnong'oneza, ili bosi asisikie. Wako watu wazima waliolia msibani kwa sababu hiyo tu.

Nyumbani upole huo ulikuwa unachelewa kufika. Kaka aliwahi kusahau barua ya mapenzi mezani. Aliporudi aliikuta imesahihishwa na kupewa alama hamsini na mbili kwa mia. Alimwoa binti yule yule, na mpaka leo wifi yangu anauliza zile arobaini na nane zilikwenda wapi.

Kalamu nyekundu tungeivumilia. Kilichotumaliza ni migongo ya vitabu.

Kila riwaya uliyoisoma ilikuwa na aya fupi kwenye jalada la nyuma: mwandishi kazaliwa mwaka fulani, kaandika hiki na kile, kapata tuzo, kafariki. Siku moja ulirudi na aya ya namna hiyo imekukaa kooni. Ukaiweka mbele ya Mama, aliyekuwa akikunja nguo.

“Huyu bwana kaishi miaka sabini na nne,” ukasema. “Ina maana hakuwahi kugombana na mtu kuhusu mlango?”

“Kama ni mlango,” Mama akakujibu bila kuinua macho, “anza na huo ulioacha wazi.”

Hukuufunga. Ulikaa ukaandika barua ya kwanza.

Tangu hapo ukawa unaziandikia familia za waandishi waliokwisha kufa, dunia nzima: wajane, wagane, watoto, dada, wapishi, yeyote aliyelala chini ya paa moja na mwandishi. Barua ulizipitishia kwa wachapishaji wao. Swali lilikuwa moja: “Kukaa naye nyumba moja kulikuwaje?” Chini yake uliandika, “Jibu kwa mkono wako, ukurasa mmoja. Usimpambe. Sitasahihisha kitu.” Sisi tulioishi chini ya kalamu yako tulisoma sentensi hiyo ya mwisho kwa uchungu.

Na masharti yako! Barua lazima iende kwa posta, hata kama anayeandikiwa anakaa mtaa wa pili. Familia isiyojibu, mwandishi wao haingii kwenye kitabu ulichopanga kutoa cha majibu hayo, awe na jina kubwa kiasi gani. Tena swali lazima liulizwe kwa Kiswahili. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari, najiona najua, nikakwambia, “Baba, mjane aliyeko upande wa pili wa dunia atasomaje Kiswahili?”

“Na mimi nitasomaje cha kwake?” ukanijibu. “Nitatafuta mtu. Na yeye atafute mtu. Kwa nini lugha yetu ndiyo iwe inasubiri mlangoni kila mara?”

Nilikasirika, na ndani ya hasira hiyo nikajivuna. Na kweli, walitafuta. Bibi mmoja wa nchi ya theluji alitembea hadi chuo kikuu cha mji wake kuulizia anayesoma Kiswahili. Akampata mwanafunzi mmoja wa kike, mgeni huko, aliyekuwa hajasoma neno la kwao tangu afike. Mwaka uliofuata bibi alituandikia tena kusema kwamba binti yule bado anakwenda kwake kila Jumapili, wanacheza karata, na binti anamwibia.

Wewe nawe ulitafuta bila aibu. Ulikwenda kwa daktari wa meno huna jino bovu, kwa kuwa ulisikia alisomea ng'ambo. Ukalala kitini, ukafungua kinywa, halafu ukatoa bahasha. Mfamasia wa pale kona alikuwa akikuona kwa mbali anageuza kibao kisomeke “Tumefunga”.

Meza ya kulia ikawa ofisi yako. Miaka kumi na mmoja tulikula tumepakata sahani. Mgeni akikaa kochi la kushoto alikuwa amekalia herufi A mpaka L, na kama mwili wake ni mzito ulimhamisha. Kisha likaja jambo la jokofu. Kaka ni fundi wa majokofu, na alileta nyumbani la mteja ili alitengeneze. Wewe ukaona mlango wake unafunga vizuri, mende hawaingii, ukapanga majibu humo bara kwa bara. Mteja alipokuja kulichukua hukupepesa hata jicho.

“Bado liko kwenye matumizi,” ukamwambia.

Kaka akalazimika kumpa lile letu. Ndiyo maana familia hii ilikunywa maji ya vuguvugu miaka minne, kwa ajili ya marehemu wa mabara yote.

Hata hivyo, ukianza kusoma jibu jipya kwa sauti, tulikuwa tunasogeza viti. Mke wa mwandishi aliyesifiwa kwa kutetea uhuru wa kusema aliandika kwamba nyumbani kwake hakuna aliyeruhusiwa kusema wakati wa kula. Dada wa mama mmoja aliyetunga hadithi za watoto alisema dada yake aliwaogopa watoto. Wakija, anajifungia bafuni hadi waondoke. Mtoto wa mshairi wa mapenzi alisema baba yake hakukumbuka siku yake ya kuzaliwa hata mara moja, lakini kila alipougua alimwosha miguu. Mgane wa mwandishi mkimbizi alisema mkewe aliishi ugenini miaka ishirini na kila siku alivua viatu akavielekeza mlangoni, na kwamba yeye bado anaviacha hivyo hivyo. Mjane mmoja alituma mistari miwili tu: “Swali lako limenikuta ndiyo kwanza nimegawa nguo zake. Nipe muda.” Ulimpa muda. Miaka mitatu baadaye alituma kurasa tisa, na wewe uliyetaka ukurasa mmoja hukuthubutu kuondoa hata nukta.

Siku ile ya kurasa tisa ndipo nilipoelewa ulichokuwa unatafuta. Vitabu vyao vipo rafuni, kila mtu anaviona. Walichowaachia watu wa ndani hakuna aliyewahi kwenda kukiulizia.

“Mimi nikiulizwa,” Mama akasema, “ukurasa mmoja hautanitosha.”

“Zamu yako itafika,” ukamjibu.

Tulicheka wote, tukaendelea kula, sahani magotini.

Wiki tatu baada ya kukuzika, mchapishaji wa kitabu chako alikuja nyumbani. Ni mama mmoja wa maneno machache, unamjua. Alikaa kochi la kulia, akafungua daftari lako la posta. Barua zilizotumwa, ukiacha zile zilizokataliwa au zisizojibiwa, ambazo ulizifuta: mia mbili na kumi na mbili. Majibu yaliyomo kwenye jokofu: mia mbili na kumi na moja. Kwenye mstari wa mwisho, wa siku tisa kabla ya kifo chako, mahali pa jina la mwandishi uliacha wazi. Ulikuwa umeandika neno moja tu: “Imetumwa.”

“Mzee alinisainisha mkataba wa sura mia mbili na kumi na mbili,” mchapishaji akasema. “Alisema hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba kitabu, na kwamba isipokuwepo nisichape. Kwa heshima yake nitasubiri mwaka mmoja. Baada ya hapo, jamani, mashine zina kazi nyingine.”

Basi tukaanza kutafuta mwandishi usiyemtaja. Kaka alilifungua jokofu mpaka mota. Shangazi, dada yako, alifumua godoro lako na kulishona upya. Mimi nilifanya orodha ya waandishi wakubwa uliowapenda na ambao hawakuwemo kitabuni, nikaziandikia familia zao kwa Kiswahili, kwa anwani ya ofisini kwangu, nikiwaeleza kwamba umefariki na kuwauliza kama waliona barua yako ya mwisho. Hakuna aliyeiona. Binti wa mmoja wao alinijibu: “Baba yako alishatuuliza zamani, tukakataa, naye akatuandikia kutushukuru. Hatujawahi kushukuriwa kwa kukataa.”

Nilipokosa pa kutafuta, nikamgeukia Mama. Siku ya tatu baada ya mazishi alikuwa amefagia chumba chako na kutoa nje maboksi mawili ya karatasi. Nikasimama mbele ya Shangazi, mbele ya majirani, mbele ya mchapishaji mwenyewe.

“Mama, umetupa sura nzima ya kitabu cha Baba!”

Leo najua yalikuwa magazeti ya zamani. Yeye alijua siku ile ile. Hakujitetea.

“Haya, nimetupa,” akasema. “Sasa kaa ule.”

Miezi saba, Baba. Miezi saba mkeo aliishi ndani ya nyumba yake kama mshtakiwa. Nikifungua droo nilivuta pumzi kwa nguvu ili asikie. Akipita na ufagio nilimtazama mikono. Na yeye kila jioni ananiwekea chakula, anafunika na sahani.

Wiki mbili zilizopita Mama alikuwa kwenye foleni ya kliniki, akasikia mtu nyuma yake.

“Wewe si mke wa Bahasha?” Alikuwa karani wa posta. “Mama, mmesafiri? Sanduku lenu limejaa mpaka nimeanza kuweka barua zenu kwenye ndoo!”

Hatukusafiri. Hatukulifikiria sanduku hata siku moja. Nani mwingine ndani ya nyumba hii amewahi kuandikiwa barua? Sanduku lilikuwa lako, na ufunguo wake ulikuwa mmoja, nawe uliufunga kwa pini ndani ya mfuko wa koti. Tukaanza kuulizana koti lipi. Shangazi ndiye aliyekumbuka, akajiziba mdomo kwa kanga yake. Ni la ile suti. Ile tuliyokuzika nayo.

Karani alitutolea barua kwa nyuma, ndoo mbili. Nyingi zilikuwa rambirambi. Wale wajane na wagane wako waliposikia habari walipeana taarifa, na kila mmoja kaandika kwa mkono wake. Chini kabisa ya ndoo ya pili kulikuwa na bahasha ya kahawia yenye mwandiko wako. “Kwa familia ya mwandishi.” Anwani ni sanduku letu. Ndani mna swali lile lile, “Kukaa naye nyumba moja kulikuwaje?”, na namba 212 kwenye kona, na bahasha ya kujibia iliyobandikwa stempu tayari, yenye jina lako na sanduku lile lile.

Baba!

Ulikuwa unakaa hatua tano kutoka kwetu. Ungeweza kuuliza ukiomba chumvi. Ungeweza kuuliza ukiwa bafuni, kama ulivyozoea kuulizia taulo. Lakini hapana, sharti ni sharti: familia nyingine zimeulizwa kwa posta, na yako iulizwe kwa posta. Ukavaa koti, ukaenda dirishani, ukatuma barua kutoka sanduku letu kwenda sanduku letu, lifunguliwe kwa ufunguo ulio mfukoni mwako, ijibiwe kwenda sanduku hilo hilo. Barua yenyewe ikapelekwa kwanza mji mkubwa kuchambuliwa, ikarudi, ikaingia kwenye sanduku lililo hatua nne kutoka pale ulipoinunulia stempu. Kwa mujibu wa muhuri, iliingia siku tuliyokuwa tukikuzika. Na wewe siku tisa zote ulikuwa unakula nasi, unatuangalia, unajua. Tunakumbuka sasa jinsi ulivyokuwa ukitabasamu bila sababu. Ulikuwa unasubiri uje nayo kama tarishi, utukabidhi.

Ulipanga kila kitu isipokuwa kimoja, kwamba na wewe unaweza kufa. Wewe, uliyeziandikia familia mia mbili na zaidi za watu waliokufa!

Tulikaa kuijibu Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Meza ilikuwa tupu kwa mara ya kwanza, hatukujua tuweke wapi mikono.

“Andika jokofu,” Kaka akasema. “Ukurasa mzima, jokofu.”

“Na alama zangu arobaini na nane,” wifi akaongeza.

Shangazi naye akasema, “Nilipougua surua, wakanitenga chumba cha uani. Alikuwa anakaa nje ya dirisha ananisomea. Kitabu kikiisha anaanza tena mwanzo, maana kilikuwa kimoja. Andikeni na hilo.”

Nikaishika kalamu mimi, kwa kuwa ndiye niliyesomea. Nikaandika mwanzo mara nne, nikachana mara nne. Ya tano ilikuwa imeanza kunoga Mama aliponinyang'anya karatasi.

“Stashahada yako iweke kando kidogo,” akasema. “Aliyekaa naye ni mimi.”

Aliandika mistari michache, yeye aliyesema ukurasa hautamtosha. Nusu nzima ya karatasi ilibaki nyeupe. Nilipochungulia nikaona pamekosekana nukta, nikanyoosha mkono.

“Toa mkono. Kasema hasahihishi kitu.”

Akakunja karatasi, akaitia kwenye bahasha yako ya kujibia, akaanza kuvaa viatu.

“Mama,” Kaka akamwambia, “mchapishaji anasubiri. Tumpelekee mkononi. Mpokeaji wa hiyo barua hayupo.”

“Sanduku lipo,” Mama akajibu. “Katuma kwa posta, atajibiwa kwa posta.”

Siku kumi, Baba. Siku kumi jibu la mkeo lilikuwa barabarani, likienda mji mkubwa na kurudi, huku mwaka wa mchapishaji unakwisha na mimi nakwenda dirishani kila asubuhi mpaka karani ananiita kwa jina lako. Lilifika Jumatatu hii. Kaka alikuwa amebadilisha kitasa cha sanduku na kuchonga funguo tatu, na moja ameivaa Mama shingoni. Mchapishaji aliifungua bahasha pale pale kwenye ngazi za posta, akasoma, akavua miwani, akasema kitabu kinaingia mashineni wiki ijayo. Sura mia mbili na kumi na mbili, kama ulivyotaka. Meza yako ya kiwandani anaikalia mwenzako uliyekuwa ukimnong'oneza makosa yake. Kasema atazisoma zote mwenyewe na hatagusa hata moja.

Mama, nilikulaumu mbele za watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele za watu. Hukutupa kitu. Nilipaswa kujua kwamba katika nyumba ile aliyekuwa akipoteza vitu hakuwa wewe.

Ameturuhusu tuweke jibu lake hapa kabla kitabu hakijatoka. Tumelinakili lilivyo:

“Kukaa naye kulikuwa kusubiri. Nilisubiri amalize mstari, nilisubiri meza yangu, nilisubiri afunge mlango. Aliuliza wake za watu dunia nzima na mimi niko jikoni nasikia. Nilidhani hataniuliza. Leo kaniuliza. Mlango aliouacha wazi asubuhi ile ya mwisho sijaufunga mpaka sasa”

Unakumbukwa na mkeo, mwenye ufunguo; mwanao, fundi wa majokofu; mkwe wako, ambaye bado anadai alama; dada yako, anayekijua kile kitabu kimoja kwa moyo; mimi kitinda mimba wako, niliyeandika haya bila kalamu nyekundu; na familia mia mbili na kumi na moja ambazo hatujawahi kuonana nazo, lakini tunajua wanavyoweka viatu.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, hata zile siku ambazo tungependa kupumzika.